Simu ni Yako, Sasisho ni la Nani?

Mtu ananunua simu janja kwa fedha yake. Wengine huinunua kwa kudunduliza, wengine kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kila siku. Akishamaliza kuilipa inakuwa mali yake, sawa na jembe, baiskeli au cherehani. Lakini kuna tofauti. Aliyekuuzia cherehani harudi usiku nyumbani kwako kubadilisha sindano. Mtengenezaji wa simu hurudi. Huja kwa njia ya kile tunachokiita sasisho, au apdeti kwa lugha ya mtaani, na kesho yake unaweza kukuta Wi-Fi haishiki, spika ya Bluetooth haionekani, hotspoti inakatika kila baada ya dakika mbili, au laini haisomi mtandao kabisa.

Wengi wetu hulipokea jambo hili kama tunavyopokea mvua au jua: limetokea, tuvumilie. Mimi sioni hivyo. Napenda kuwashirikisha mafrateri wenzangu na waamini wa parokia zetu hoja hii: kubadilisha kitu kilichomo mfukoni mwa mtu mwingine, kitu ambacho mtu huyo anakitegemea, ni tendo lenye uzito wa kimaadili. Anayelifanya ana deni kwa mwenye kitu. Nasi tunaotumia simu tuna wajibu wetu, na wajibu huo hautimizwi kwa kukataa kila sasisho wala kwa kukubali kila kinacholetwa.

Kwa nini huharibika yale yasiyo na waya

Simu ina kazi nyingi inazozifanya peke yake. Kikokotoo hakihitaji mwenzake, wala kalenda. Sasisho likikosea hapo, mara nyingi tatizo huwa dogo. Lakini Wi-Fi, Bluetooth na mtandao wa simu ni mazungumzo ya pande mbili. Simu inazungumza na mnara, na ruta ya ofisini, na spika ya kwaya, na redio ya gari la paroko. Kanuni za mazungumzo hayo zimeandikwa katika programu za pande zote mbili, na sasisho hubadilisha upande mmoja tu. Spika iliyonunuliwa miaka sita iliyopita haijui kwamba simu imejifunza mambo mapya. Inaendelea kusema ilivyozoea, na simu haiielewi tena vizuri.

Zaidi ya hayo, ndani ya simu mna modemu, ambayo ni kama kompyuta ndogo yenye programu yake yenyewe, kazi yake ikiwa kushughulikia mawimbi. Sasisho kubwa la mfumo endeshi mara nyingi huja na programu mpya ya modemu. Sasa fikiria duniani kuna kampuni ngapi za simu, masafa mangapi, na minara ya umri tofauti kiasi gani. Hakuna maabara inayoweza kujaribu kila mchanganyiko. Kwa hiyo makosa mengine hugunduliwa na mtumiaji wa kawaida, sasisho likiwa tayari limeshaingia. Sehemu ya majaribio inafanyika kwetu sisi, na hatujaulizwa.

Yaliyokwisha kutokea

Tusizungumze hewani. Tarehe 24 Septemba 2014 kampuni ya Apple ilitoa sasisho la iOS 8.0.1. Simu za iPhone 6 na iPhone 6 Plus zilikuwa sokoni kwa siku 5 tu. Sasisho lilikusudiwa kurekebisha kasoro kadhaa, ikiwamo moja iliyozikwamisha programu za afya. Kwa wenye simu hizo mpya likazima mtandao wa simu pamoja na kitambua alama za vidole. Simu ikawa haiwezi kupiga simu. Apple ililiondoa baada ya muda wa saa moja hivi, ikaomba radhi, ikasema simu zilizoathirika hazikufika 40,000, na siku iliyofuata ikatoa iOS 8.0.2. Kwa kipimo cha kampuni, hiyo ni kazi ya haraka. Lakini mtu aliyetaka kurudisha toleo la awali usiku ule alipaswa kuwa na kompyuta, intaneti nzuri na ujuzi wa kufanya kazi hiyo.

Mwezi Desemba 2021 ilikuwa zamu ya Google. Sasisho la simu za Pixel 6 na Pixel 6 Pro lilifuatiwa na malalamiko ya watu waliokatikiwa simu katikati ya mazungumzo au kupoteza mtandao. Google ikalisimamisha, na marekebisho yakaja Januari 2022. Kwa mtu anayetumia simu kama kiungo chake pekee na familia yake, hizo ni wiki ndefu.

Kuna mfano mwingine ambao taasisi kama zetu zinapaswa kuujua, kwa sababu hapo hapakuwa na kosa hata kidogo. Kila kifaa cha Wi-Fi kina namba yake ya utambulisho. Shule, ofisi na nyumba nyingi za malezi hutumia namba hizo kuruhusu vifaa vilivyosajiliwa tu kuingia kwenye mtandao. Kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu ilianza kutoa namba ya kubuni badala ya ile ya kweli, ili watu wasifuatiliwe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Nia ni njema na ulinzi wenyewe unafaa. Lakini palipokuwa na orodha ya namba zilizosajiliwa, simu iliyokuwa inaingia jana ikaonekana leo kuwa ngeni. Msimamizi wa mtandao anamlaumu mwenye simu, mwenye simu anailaumu ruta, na wote wawili hawajui kilichobadilika. Dawa yake ni kuzima namba hiyo ya kubuni kwa mtandao ule mmoja tu, kazi ya dakika moja kwa anayejua. Asiyejua anahangaika wiki nzima.

Na katika iOS 11, mwaka 2017, kitufe cha haraka cha kuzima Wi-Fi na Bluetooth kilibadilishwa maana. Ukikibonyeza, simu inajitenga na mtandao au kifaa ilichounganishwa nacho, lakini redio zenyewe zinabaki zinafanya kazi, na saa 11 alfajiri simu iko tayari kujiunganisha tena yenyewe. Alama ni ileile, kitufe ni kilekile, ila hakifanyi tena kile ambacho mtu amezoea kwamba kinafanya.

Pale uhai unapohusika

Mtu anaweza kusema hizi ni kero tu za watu wenye simu za bei kubwa. Mwezi Februari 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa wagonjwa wa kisukari wanaotumia vipimo vya sukari na pampu za insulini zinazowasiliana na simu. Vipimo hivyo hukaa mwilini na kutuma taarifa kwa Bluetooth. Sukari ikishuka au kupanda kupita kiasi, simu hulia. FDA ilieleza kwamba ilipokea taarifa za watu ambao mlio huo haukuwafikia au hawakuusikia, na kwamba katika baadhi ya matukio huenda hali hiyo ilichangia madhara makubwa, hata kifo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mipangilio ya simu na mabadiliko yanayoletwa na toleo jipya la mfumo endeshi. Ushauri uliotolewa unashangaza ukiufikiria: zima masasisho ya mfumo yanayojiendesha yenyewe, na kila ukisasisha hakikisha milio bado inafanya kazi.

Hebu tutafakari maana yake. Mamlaka ya serikali inayolinda afya inamwambia mgonjwa ajihadhari na sasisho la simu yake mwenyewe. Tumeshafika mahali ambapo simu imekuwa sehemu ya matibabu, huku anayeibadilisha akiwa bado anaichukulia kama bidhaa yake ya kuboresha apendavyo.

Hata hivyo, kukataa si jibu

Haki inadai tuseme na upande wa pili. Mwezi Septemba 2017 kampuni ya usalama ya Armis ilitangaza udhaifu wa Bluetooth ulioitwa BlueBorne, uliomwezesha mshambuliaji kuingia kwenye kifaa bila mwenye kifaa kubonyeza chochote. Mwezi uliofuata, Mathy Vanhoef, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven nchini Ubelgiji, alitangaza udhaifu wa KRACK katika WPA2, kanuni za ulinzi zilizotumiwa na karibu kila mtandao wa kisasa wa Wi-Fi. Mtu aliye karibu na mtandao aliweza kusoma baadhi ya mawasiliano ambayo wenyewe walidhani yamefungwa. Dawa ya yote mawili ilikuwa sasisho.

Kwa hiyo anayejigamba kwamba hajasasisha simu yake kwa miaka minne, na kwamba iko salama, anajidanganya. Simu hiyo ina fedha zake, picha za familia yake, na kama ni katibu wa jumuiya, ina namba na michango ya watu wengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuacha mlango wazi kwa sababu fundi wa mlango alikukera jana si busara.

Ugumu wa jambo zima uko hapa. Tunahitaji masasisho, na ndiyo maana namna yanavyoletwa ni suala la haki. Kama yangekuwa anasa tungeyaacha tu.

Deni la mtengenezaji

Watetezi wa kampuni husema: mtumiaji alibonyeza "nakubali". Mafrateri wanaosoma Teolojia Maadili wanajua kwamba ridhaa ya kweli inahitaji ujuzi na hiari. Ujuzi uko wapi, kama maelezo ya sasisho yanasema tu kwamba kuna marekebisho ya kasoro na maboresho ya utendaji? Na hiari iko wapi, kama chaguo ni kukubali sasa au kukumbushwa tena usiku? Kubonyeza kwa namna hiyo hakuna tofauti na kutia sahihi karatasi ambayo mtu hakupewa nafasi ya kuisoma.

Wengine husema: kosa halikukusudiwa. Ni kweli, na hakuna anayedai kampuni iliamka asubuhi ikitaka kuharibu simu za watu. Lakini kutokusudia hakumwondolei mtu wajibu wa kufidia alichoharibu. Mwanafunzi anayevunja dirisha kwa mpira bado anatakiwa kusaidia kulirudisha.

Katika Mafundisho Jamii ya Kanisa kuna kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI katika waraka wake wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931. Kiini chake ni kwamba jambo linaloweza kuamuliwa vizuri na walio karibu nalo lisiporwe na walio juu. Waraka ule haukuandikwa kwa ajili ya simu, lakini hekima yake inatufaa. Aliye karibu na simu ndiye anayejua kwamba kesho ana mtihani, ana mgonjwa, au anarusha Misa ya mazishi kwa ndugu walio mbali. Uamuzi wa lini simu ibadilike ni wake.

Kwa maoni yangu, mtengenezaji ana madeni matatu. La kwanza ni ukweli. Aseme waziwazi sasisho linagusa nini, hasa kama linagusa modemu, Wi-Fi au Bluetooth, na kosa likijulikana alitangaze kwa lugha ambayo mtumiaji anaielewa.

La pili ni njia ya kurudi. Kwenye simu nyingi, ukishasasisha huwezi kurejea toleo la awali kwa urahisi, na kwa iPhone mlango huo mara nyingi hufungwa kabisa baada ya muda mfupi. Suala hili limeshafikishwa mbele ya mamlaka. Mwezi Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, ikisema ziliwasukuma wateja kuweka masasisho yaliyopunguza uwezo wa simu zao za zamani, bila kuwapa taarifa za kutosha wala njia ya kurudisha uwezo wa awali. Kilichoadhibiwa hapo ndicho ninachokilalamikia.

La tatu ni kutenganisha ulinzi na mapambo. Sasisho lile la Pixel la Desemba 2021 lilibeba marekebisho ya usalama pamoja na vipengele vipya. Mtu aliyetaka ulinzi tu alilazimika kuchukua na yale mengine. Anayetaka kufuli jipya asilazimishwe kupaka nyumba yote rangi.

Mzigo wa aliye chini

Kosa lilelile haliwaumizi watu wote sawasawa. Mtu wa mjini mwenye kompyuta, Wi-Fi ya nyumbani na simu ya pili atakasirika, kisha ataendelea na siku yake. Katekista wa kigango aliye na simu moja hana pa kuhamia. Simu hiyo ndiyo benki yake, ndiyo redio yake, ndiyo intaneti ya kompyuta ya parokia pale hotspoti inapowashwa, na ndiyo inayobeba nyimbo za mazoezi ya kwaya. Sasisho lenyewe limekula bando alilolinunua kwa shida. Sasisho la kurekebisha sasisho litakula bando lingine. Akiambiwa aunganishe simu na kompyuta ili arudishe toleo la awali, ameambiwa asafiri.

Kuna na dhuluma ya upande wa pili, ambayo haizungumzwi sana. Simu nyingi za bei nafuu zinazotumika kwetu hupata masasisho machache, kisha husahauliwa. Udhaifu kama KRACK ukigundulika, simu hizo hubaki wazi maisha yao yote. Hivyo mwenye simu ghali anasumbuliwa na masasisho asiyoyaomba, na mwenye simu nafuu ananyimwa anayoyahitaji. Umoja wa Ulaya umeanza kulishughulikia hilo: tangu Juni 2025, kanuni zake zinadai kwamba masasisho ya mfumo anayoyatoa mtengenezaji yaendelee kupatikana bila malipo kwa angalau miaka 5 tangu aina hiyo ya simu ilipoacha kuingizwa sokoni. Serikali zetu zinaweza kudai jambo la namna hiyo kwa simu zinazouzwa hapa. Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha ubaya wa utamaduni wa kutupa. Simu nzima inayotupwa kwa sababu tu Bluetooth yake iliharibiwa na programu ni mfano wa utamaduni huo.

Na sisi tufanye nini?

Tukisubiri kampuni zibadilike, Dominika nyingi zitapita. Fadhila ya busara inatutaka tuanze na yaliyo mikononi mwetu.

Weka simu yako isijisasishe mfumo yenyewe usiku, lakini jipangie siku ya kusasisha, angalau mara moja kwa mwezi. Kwa sasisho kubwa, subiri wiki moja au mbili uone wengine wanasema nini. Likitangazwa kuwa la dharura kiusalama, usisubiri sana. Usisasishe kamwe katika mkesha wa jambo: si Jumamosi jioni, si kabla ya Kipaimara au upadrisho, si usiku wa kuamkia mtihani.

Kabla ya kusasisha, hifadhi nakala ya vitu vyako na andika manenosiri ya Wi-Fi kwenye daftari. Baada ya kusasisha, jaribu kila unachokitegemea papo hapo: piga simu, washa hotspoti, unganisha spika. Bluetooth ikikataa, kwanza futa kifaa kile kwenye orodha ya simu kisha kiunganishe upya. Ikishindikana, kuna chaguo la kurejesha mipangilio ya mtandao, nalo hufuta manenosiri yote ya Wi-Fi na vifaa vyote ulivyounganisha. Ndipo utakapolishukuru lile daftari. Mwenye kifaa cha tiba, cha sukari au cha kusaidia kusikia, aulize kwanza kwa waliompa kifaa hicho kama toleo jipya limeshathibitishwa.

Parokia isitundike ibada nzima kwenye simu moja. Kipaza sauti chenye waya kibaki kabatini kikiwa kizima, na masomo yawepo kwenye kitabu. Waya ni wa zamani, lakini hauhitaji ruhusa ya mtu aliye ng'ambo ili ufanye kazi.

Vijana wa VIWAWA na mafrateri wakiwa likizo wanaweza kufanya tendo la huruma lisilo na gharama: kukaa nusu saa baada ya jumuiya na wazee wetu, kuangalia simu zao, kuwaeleza kilichobadilika. Mzee ambaye simu yake imegeuka usiku mmoja hudhani ni yeye aliyekosea. Kumwambia kwamba hakukosea ni kumrudishia heshima yake.

Mwisho, tusinyamaze. Kosa likitokea, mwandikie mtengenezaji, ukitaja aina ya simu, toleo la mfumo na siku tatizo lilipoanza. Hapa Tanzania lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa ajili ya kuwasemea watumiaji. Malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa kirahisi, ya jumuiya nzima yanaandikwa mahali. Yale masasisho ya 2014 na 2021 yalisimamishwa kwa sababu walioumia walisema, kwa wingi na kwa sauti. Walioumia kwetu nao wanastahili kusikika.